Kabla ya Kuilaumu Pampu: Njia ya Dizeli Katika Trekta Kuukuu

Katika gereji za vijijini hukumu inayotolewa upesi kuliko zote ni hii: "Pampu imekufa." Trekta limekosa nguvu likivuta jembe la diski kwenye udongo mzito, au limezimika katikati ya shamba na kukataa kuwaka, na kabla jua halijazama mwenye trekta ameshaanza kuhesabu magunia atakayouza ili pampu ifunguliwe na kupelekwa mjini. Nimeona pampu nyingi zikisafirishwa namna hiyo. Baadhi zilikuwa zimekufa kweli, lakini nyingi zilikuwa nzima, na zilizokufa zilikuwa zimeuawa na kitu kilichozitangulia katika njia ya dizeli: tangi, dumu, filta, au mpira wa shilingi chache uliokaa vibaya. Pampu mpya ikifungwa kwenye njia ileile, nayo hufuata.

Ili maelezo yasielee hewani nitachukua trekta moja ambalo wengi wetu tumelipanda au tumelisukuma: Massey Ferguson 135 yenye injini ya dizeli ya Perkins. Lilitengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1964 hadi 1975, lina silinda tatu, injini yake ni ya lita 2.5, na nguvu zake ni za farasi 45 hivi. Mwenye 165, 240 au 290 ataikuta njia ya dizeli inayofanana sana na hii, kwa sababu matrekta hayo kwa kawaida hutumia pampu ya jamii moja, ile ya mviringo iliyoandikwa CAV kwenye kibati chake, ambayo mabomba ya nozeli hutokea upande mmoja kwa mzunguko kama vidole vya mkono. Trekta lenye pampu ndefu ambayo kila silinda ina pistoni yake lina tofauti kadhaa, lakini upande wa kabla ya pampu hautofautiani sana.

Njia yenyewe ni hii. Dizeli hutoka kwenye tangi, hupita kwenye koki yenye kichujio cha waya, na kufika kwenye pampu ndogo iliyo ubavuni mwa injini, ile yenye kikombe na mkono mdogo wa kupampu. Pampu hiyo ndogo, ambayo ndani yake ni mpira tu unaosukumwa na shafti ya injini, huipeleka dizeli kwenye filta moja au mbili, na kutoka hapo huingia kwenye pampu kubwa. Pampu kubwa huipima, huikandamiza na kuigawa kwa zamu, bomba moja hadi lingine, mpaka kwenye nozeli, na nozeli huipuliza ndani ya silinda kama ukungu. Ile kidogo inayovuja ndani ya nozeli na pampu hurudishwa kwa bomba jembamba la marejeo.

Njia hii ina pande mbili zisizofanana hata kidogo. Kutoka tangi hadi mlango wa pampu kubwa, dizeli husukumwa kwa nguvu isiyofika hata ya upepo wa tairi la gari dogo. Kutoka pampu kubwa hadi nozeli, presha hupita bar 170, wakati tairi la nyuma la trekta lenyewe huwa na bar moja hivi. Upande wa kwanza ni wa mwenye trekta: spana mbili, bisibisi, kitambaa safi na uvumilivu vinatosha. Upande wa pili ni wa fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia. Hasara nyingi hutokea pale watu wanapobadilishana pande hizo, mwenye trekta akifungua pampu kubwa chini ya mwembe huku filta ikiwa haijabadilishwa tangu msimu wa juzi.

Tone moja, mara hamsini kwa sekunde

Watu wengi huichukulia dizeli kama chakula cha injini peke yake. Kwa pampu ya CAV, dizeli ni chakula na oili pia. Ndani ya pampu hiyo hakuna oili ya injini inayozunguka, na kila chuma kinachosuguana na kingine hulainishwa na dizeli inayopita. Kwa hiyo ubaya wowote wa dizeli huishia moja kwa moja kwenye vyuma vyake.

Na vyuma hivyo vimekaribiana mno. Nafasi kati ya pistoni ndogo za pampu na matundu yake ni kama mikroni mbili au tatu, wakati unywele wa kichwani una unene wa mikroni 70 hivi. Chembe ya vumbi isiyoonekana kwa jicho inaweza kukwaruza humo kama jiwe linavyokwaruza ndoo ya kisima. Fikiria tena kazi inayofanyika: injini ya silinda tatu inapozunguka mara 2,000 kwa dakika, nozeli zote kwa pamoja hupuliza mara 3,000 kwa dakika, yaani mara 50 kila sekunde, na kila pulizo injini ikiwa imebeba mzigo mzito ni kiasi kinacholingana na tone moja la maji linalodondoka kwenye bomba. Tone hilo linatakiwa lipimwe sawasawa kwa silinda zote tatu, na lifike kwa wakati. Likipungua kwa robo kwa sababu chuma kimekwaruzwa na kinavujisha, trekta halina nguvu tena, na hakuna spana itakayoirudisha.

Maji ni mabaya kuliko vumbi, kwa sababu huondoa utando wa dizeli kati ya vyuma na kuacha chuma kikisugua chuma, kisha huleta kutu wakati trekta limelala. Trekta lililoegeshwa miezi minne baada ya kilimo likiwa na maji kwenye pampu huamka na pistoni zilizonata. Hapo ule msemo wa pampu kufa huwa na ukweli, ingawa ilikufa polepole, na ilianza kufa siku ilipoegeshwa.

Dumu, pipa na tangi

Maji huingia kwa njia tatu zinazojulikana. Huja na dizeli yenyewe kutoka mahali ilikohifadhiwa vibaya. Huingia kwa mvua, kupitia mfuniko wa tangi uliopotea na kuzibwa kwa mfuko wa nailoni. Na huzaliwa ndani ya tangi, jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka walione: tangi lililo nusu tupu limejaa hewa, hewa hiyo ina unyevu, na usiku wa baridi unyevu hugeuka matone kwenye kuta za bati na kuteremka. Dizeli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji hukaa chini kabisa, palipo na tundu la kutokea. Ndiyo maana dereva mzuri hujaza tangi jioni anapomaliza kazi, na si asubuhi. Tangi lililojaa halina nafasi ya kubeba hewa yenye unyevu.

Pale maji na dizeli vinapokutana huota pia vijidudu, na hivyo huacha utelezi mweusi unaofanana na makamasi. Ukiukuta kwenye kikombe cha pampu ndogo usidhani ni grisi. Tangi lazima lishushwe na kuoshwa, kwa kuwa ukibadilisha filta pekee itaziba tena baada ya siku chache.

Kuhusu dumu ninaomba nisemwe kuwa mkali. Dumu la njano lililokuwa na mafuta ya kula, kisha likabeba maji, kisha likapelekwa kituoni kuleta lita 20 za dizeli, ni mojawapo ya vyanzo vikubwa vya pampu zinazokufa. Liwepo dumu la dizeli tu, liwe na alama, na lisiguswe kwa kazi nyingine. Kwa pipa la lita 200, lilaze juu ya magogo likiwa limeinama kidogo kuelekea nyuma, koki ikiwa upande wa juu, ili maji na takataka vilale upande usio na koki. Baada ya kulijaza liache litulie siku nzima kabla ya kuchota, na usichote mpaka tone la mwisho. Kamwe usihifadhi dizeli kwenye chombo kilichopakwa zinki kama mabati ya kuezekea, kwa sababu zinki huchanganyika na dizeli na kutoa kitu chenye kunata ambacho huziba filta na nozeli. Kuchuja kwa kitambaa cha kanga husaidia kuzuia majani na wadudu, lakini pamba yake huacha nyuzi. Wavu mwembamba wa chuma uliofungwa kwenye faneli ni bora zaidi.

Kuna kipimo kisichogharimu kitu. Chukua chupa inayopitisha mwanga, jaza dizeli uliyonunua, ifunge na uiache usiku kucha mahali tulivu. Asubuhi iangalie dhidi ya mwanga bila kuitikisa. Dizeli njema huwa angavu kiasi kwamba unaweza kusoma maandishi yaliyo nyuma yake. Yenye maji huonekana kama imeingiwa na moshi, au huacha mstari chini.

Uchakachuaji ni jambo jingine. Mafuta ya taa yakichanganywa kwenye dizeli injini bado itawaka, tena pengine bila moshi mwingi, lakini mafuta ya taa ni mepesi na hulainisha kidogo, kwa hiyo pampu huliwa. Tanzania ilianza kuweka vinasaba (kemikali za kuyatambulisha mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 chini ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ili kuwakamata wachakachuaji, na mwaka uliofuata ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa sana ili faida ya kuchanganya itoweke. Kenya nayo mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa sababu hiyohiyo. Hatua hizo zimebana vituo. Hazijabana yule anayeuza dizeli ya madumu kando ya barabara, na pampu yako haiulizi bei uliyonunulia.

Dizeli halali nayo imebadilika. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Kwa mapafu yetu ni habari njema. Lakini usafishaji unaoondoa salfa huondoa pia sehemu ya ulainishaji wa asili wa dizeli, ambao viwanda hulazimika kuurudisha kwa dawa maalumu, na mipira ya zamani iliyozoea dizeli ya enzi zake inaweza kusinyaa na kuanza kuvujisha. Kwa hiyo pampu kuukuu inayotona pembeni huenda haijachakaa vyuma. Huenda inahitaji mipira mipya tu. Wapo wanaotia oili chafu ya injini ndani ya tangi wakiamini wanailainisha pampu. Oili hiyo imejaa masizi na unga wa chuma, na ni sawa na kumnyunyizia mgonjwa mchanga machoni. Mafuta ya mbono kaburi, yaliyopigiwa debe sana miaka ya 2000, nayo hayafai kutiwa yakiwa mabichi kwenye pampu ya aina hii, kwa kuwa ni mazito mno kwake, hasa asubuhi ya baridi.

Trekta lililozimika kila baada ya dakika arobaini

Msimu mmoja wa mpunga, huko Magugu mkoani Manyara, jirani yangu alikuwa na 135 iliyofanya kazi vizuri kwa dakika arobaini hivi, kisha ikapoteza nguvu, ikakohoa na kuzimika. Akipumzika, akavuta sigara moja, akapampu kidogo kwa mkono, trekta liliwaka na kulima tena kama halikuwa na tatizo. Alishabadilisha filta mara mbili. Fundi alishasema neno lake la pampu, na fedha za kununua nyingine ya mtumba zilikuwa zimeanza kukusanywa.

Dalili ilikuwa inasema wazi, kama angekuwepo wa kuisikiliza. Pampu iliyochakaa haiponi kwa kupumzishwa dakika kumi. Ikishapata moto huwa mbaya zaidi, na hugoma kuwaka mpaka ipoe kabisa. Kinachopona haraka namna hiyo ni kitu kinachovutwa hadi kikaziba, kisha kikaachia mvuto ukikoma. Tulifungua bomba linalotoka kwenye koki na kuacha dizeli ishuke ndani ya ndoo. Ilianza kwa mkondo mnene kama kidole, ikawa kama uzi, ikawa matone. Tuliposhusha tangi tulikuta pumba za mpunga na kipande cha kizibo cha plastiki, vikiogelea humo kwa raha zao. Injini ilipovuta, vilikusanyika kwenye kichujio cha koki. Ilipozima, vilielea tena.

Kuna ndugu wa tatizo hilo anayesahauliwa zaidi. Mfuniko wa tangi una kitundu cha kupitishia hewa, na dizeli haiwezi kutoka ikiwa hewa haiingii kuchukua nafasi yake. Kitundu kikizibwa na matope, tangi hujinyonga lenyewe. Trekta linapozimika, fungua mfuniko polepole na utege sikio: ukisikia hewa ikiingia kwa mlio wa "fyuu", umeshapata mchawi.

Upepo

Mafundi wetu husema trekta "linavuta upepo", na usemi huo ni sahihi kuliko maelezo mengi ya vitabuni. Dizeli haikandamiziki kwa urahisi, hewa hukandamizika. Povu la hewa likiwa ndani ya pampu, pistoni hulibana povu badala ya kuisukuma dizeli, presha haifiki ile ya kufungua nozeli, na silinda hubaki na njaa. Ndiyo maana trekta la dizeli likiishiwa mafuta halitibiki kwa kumimina mafuta tu kama pikipiki.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba mahali panapovuta upepo mara nyingi hapatoni. Baada ya pampu ndogo, dizeli inasukumwa, kwa hiyo kiungo kilicholegea kitatona na utakiona kwa unyevu na vumbi lililogandamana. Kabla ya pampu ndogo, dizeli inavutwa, na kiungo kilicholegea kitaingiza hewa bila kutoa hata tone. Kwenye 135 kuna mkanganyiko wa ziada: tangi liko juu ya injini, kwa hiyo likijaa na njia ikiwa wazi dizeli hushuka yenyewe, na kiungo kibovu hutona trekta likisimama, lakini kichujio cha koki kikianza kuziba, pampu ndogo huanza kuvuta kwa nguvu, na kiungo kilekile kilichokuwa kikitona sasa kinakunywa hewa. Trekta ambalo tangi lake la asili liliozea na kubadilishwa na dumu lililofungwa ubavuni kwa waya huvuta wakati wote, kwani dumu liko chini.

Filta nayo ni mlango mkubwa wa upepo, hasa mikononi mwa mwenye haraka. Filta ya CAV hushikwa na boliti moja ndefu inayopita katikati, na huja na mipira yake kwenye pakiti: mkubwa wa juu, mkubwa wa chini, na mdogo wa katikati ambao watu huutupa pamoja na pakiti kwa kuudhani ni wa ziada. Unapoishusha filta kuukuu, mpira wa juu mara nyingi hubaki umeganda kwenye kichwa, mweusi kwenye chuma cheusi, usioonekana. Ukiweka mpya juu yake unakuwa na mipira miwili mahali pa mmoja, na filta haitakaa sawa hata ukaze mpaka boliti ilie. Pitisha kidole kwenye mfereji wote. Chokonoa kwa kijiti, wala si kwa bisibisi, usije ukaukwaruza. Safisha nje ya filta kwa brashi na dizeli kabla ya kuifungua, kwa sababu udongo utakaodondoka ndani wakati wa kubadilisha utaangukia upande uliokwisha chujwa, na kutoka hapo hakuna kinga nyingine kabla ya pampu.

Vitabu vingi vya matrekta haya hutaka filta ibadilishwe kila baada ya saa 400 hadi 500 za kazi. Kwa vumbi la kiangazi chetu na dizeli ya madumu ningegawa nusu. Saa iliyo kwenye dashibodi karibu kila mara imekufa, kwa hiyo weka daftari na uandike siku na ekari; dereva anayejua analima ekari ngapi kwa saa anaweza kukadiria vizuri. Kikombe cha pampu ndogo kifunguliwe kila wiki wakati wa msimu.

Kutoa upepo kuna mpangilio, na mpangilio huo hufuata mkondo wa dizeli kutoka tangi kwenda mbele. Jaza tangi, fungua koki, legeza skrubu ya juu ya filta, kisha pampu kwa mkono ule mdogo mpaka mapovu yaishe na dizeli itoke bila kukatika, ndipo ukaze huku ikiendelea kutoka. Ikiwa mkono unachezacheza bila uzito wowote, usiulaani. Mara nyingi shafti ya injini imesimama mahali inapoukandamiza mpira wa pampu, na ukiizungusha injini mzunguko mmoja mkono utapata uzito wake. Nenda kwenye pampu kubwa, ulegeze skrubu ya ubavuni na ile ya juu kwenye kifuniko cha gavana (kidhibiti cha mwendo wa injini), pampu tena mpaka povu jeupe ligeuke dizeli safi, kaza. Mwisho legeza nati za mabomba kwenye nozeli mbili, vuta akseleta mpaka mwisho, hakikisha waya wa kuzimia umerudi ndani, kisha piga starta kwa sekunde zisizozidi 30 kwa mara moja na uipumzishe. Nati zikianza kutema dizeli kwa midundo, zikaze, na injini itashika.

Kuhusu waya wa kuzimia niongeze neno. Nimewahi kushuhudia watu wazima wanne wakitoa upepo tangu asubuhi hadi adhuhuri, kumbe waya ulikuwa umekatika ndani ya ala yake na mkono wa kuzimia kwenye pampu ulibaki umefungwa. Mmoja wao nilikuwa mimi. Sukuma mkono wenyewe kwa kidole, pale kwenye pampu, usiamini kitasa cha dashibodi.

Katika kipindi hiki cha kuhangaika ndipo hujitokeza mtu na kitambaa chenye petroli akitaka kukiweka kwenye mdomo wa hewa. Mkatazeni. Petroli hulipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda, na injini ambayo haikuwa na tatizo zaidi ya upepo huvunjika ringi.

Oili inayoongezeka

Hitilafu moja ya upande wa presha ndogo haionekani kwenye njia ya dizeli. Huonekana kwenye kijiti cha kupimia oili. Mpira wa pampu ndogo ukipasuka, dizeli huvuja kuelekea ndani ya injini na kuchanganyika na oili. Vivyo hivyo sili ya shafti ya pampu kubwa ikichakaa, dizeli huingia kwenye nyumba ya gia za taimingi, yaani za kupangia wakati wa injini, na kuteremka chini. Mwenye trekta hupima oili asubuhi na kufurahi kwamba injini yake "haili oili", kumbe inaongezewa dizeli. Oili iliyopanda juu ya alama bila mtu kuiongeza, yenye harufu ya dizeli na inayotiririka kidoleni kama maji, ni sababu ya kuzima injini siku hiyohiyo na kutoiwasha mpaka chanzo kipatikane na oili imwagwe. Beringi za shafti kuu hazitangoja msimu uishe.

Upande wa presha kubwa

Hapa kazi ya mwenye trekta ni kutambua na kutoa taarifa sahihi. Moshi mweusi chini ya mzigo unamaanisha dizeli ni nyingi kuliko hewa, kwa hiyo anza na chujio la hewa, lile la bakuli la oili, ambalo likijaa matope hulaumiwa pampu. Moshi mweupe unaowasha macho baada ya injini kupata moto ni dizeli isiyoungua: nozeli inayotiririsha badala ya kupuliza, taimingi iliyochelewa, au silinda iliyochoka. Wa bluu ni oili, na hauhusiani na makala haya.

Nozeli mbovu hupatikana kwa njia ya zamani. Injini ikiwa kwenye mwendo mdogo, legeza kidogo nati ya bomba la nozeli moja, ukiwa umeifunika kwa kitambaa kizito na uso ukiwa mbali, kisha sikiliza. Ikiwa mlio umebadilika na injini imeyumba, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Kaza na uende kwa inayofuata. Ile isiyobadilisha kitu ndiyo yenye kasoro. Unapoitoa, hakikisha washa yake, ile pete ya shaba, imetoka nayo. Ikibaki shimoni na mpya ikawekwa juu, ncha ya nozeli hukaa juu kuliko inavyotakiwa, dizeli hupulizwa mahali pasipo pake, na utarudi mwanzo ukiwa na nozeli mpya inayotoa moshi.

Kamwe usipitishe mkono kutafuta mahali bomba la presha linapovuja, na usijaribu nozeli kwa kuielekezea kiganja. Dizeli kwa presha hiyo hupenya ngozi bila kuuliza. Kidonda huwa kidogo kama kilichochomwa na mwiba, na maumivu makali huja baadaye, lakini dizeli iliyo ndani huua nyama, na watu wamepoteza vidole na mikono. Tumia kipande cha boksi. Ajali ikitokea, nenda hospitali saa ileile na useme wazi kwamba ni dizeli ya presha, ili usifungwe bandeji na kurudishwa nyumbani.

Skrubu zilizofungwa kwa waya na muhuri wa risasi kwenye pampu ziachwe zilivyo. Ile ya nje huweka mwendo wa juu wa injini. Kipimo cha wingi wa dizeli kiko ndani na hurekebishwa kwenye mashine. Anayekata risasi ili trekta "lipate nguvu" hupata mlio mkubwa zaidi, moshi na injini inayochemka.

Ikiwa baada ya yote haya tangi ni safi, filta ni mpya, hakuna upepo, nozeli zimepimwa, na trekta bado halina nguvu au linagoma kuwaka likiwa na moto, basi pampu ina kesi ya kujibu. Kabla ya kuitoa, safisha eneo lote, kisha angalia mstari uliochongwa kwenye flenji yake na ule wa kwenye injini. Kama hauonekani, chonga wako kwa msumari mkali, kwa sababu matundu ya boliti ni marefu na pampu ikirudi imegeuka hata kidogo, taimingi imehama. Ziba kila tundu la pampu na kila ncha ya bomba kwa plastiki safi, wala si kwa matambara. Mwambie fundi wa pampu trekta ni la aina gani na injini gani, maana vipimo hutofautiana ingawa pampu zinafanana kwa sura. Omba uwepo wakati inapimwa kwenye mashine, utazame vile vioo vilivyopangwa mstari vikijaa dizeli: vyote vitatu vinatakiwa kufika kimo kimoja. Na wakati iko huko, shusha tangi, ulioshe na kulikausha juani, ubadilishe filta na mipira yake yote mitatu, ili pampu ikirudi isikutane na uchafu ulioipeleka mjini.